Vetiva, alizeti, haradali na kangaga: kipi ununue kwa udongo wenye risasi?

Anayetafuta mimea ya kusafisha udongo ataletewa bidhaa nne: mbegu za alizeti, mbegu za haradali (wakati mwingine na pakiti ya unga mweupe wa kuyeyusha kwenye maji), miche ya kangaga na vipando vya nyasi ya vetiva. Sifa zinazomwagwa ni zilezile kwa zote. Mmea unanyonya sumu, unaung'oa, udongo unabaki salama. Kuna metali ambazo kwazo jambo hilo ni kweli kabisa. Risasi, ile metali ya betri, haimo. Na risasi ndiyo iliyojaa kwenye mitaa iliyopakana na viwanda vya kuyeyusha betri za magari, kama Owino Uhuru pale Mombasa, ambako mtambo ulifanya kazi kuanzia 2007 hadi 2014.

Kwa asiye na muda wa kusoma yote: alizeti usinunue kwa kazi hii. Haradali yenye unga wake usiikubali hata ukipewa bure. Kangaga ni mali, ila kwa aseniki tu. Vetiva nunua, ukijua kwamba unanunua ukuta wa kuzuia udongo usihame, hununui ufagio wa kuuondoa.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayomuumbua muuzaji kabla hajamaliza kusema.

Chukua kiwanja cha mita 10 kwa 10. Udongo wa juu peke yake, kina cha sentimita 20, ni mita za ujazo 20. Mita moja ya ujazo ya udongo mkavu ina uzito wa tani 1.3 hivi, kwa hiyo una tani 26 za udongo. Maabara ikikuandikia risasi miligramu 1,000 kwa kilo, humo ndani mna kilo 26 za risasi. Sasa panda alizeti, na ikubali vizuri sana: kilo 100 za mabua na majani makavu kwenye eneo hilo, sawa na tani 10 kwa hekta. Majani ya alizeti iliyoota kwenye udongo wa namna hiyo, yakioshwa kabla ya kupimwa, yanaweza kuwa na makumi kadhaa ya miligramu za risasi kwa kilo. Tumpe muuzaji 50. Kilo 100 mara miligramu 50 ni gramu 5. Hicho ni kijiko cha chai cha sukari, ndiyo mavuno yako ya risasi kwa msimu mzima.

Ukitaka kushuka kutoka 1,000 hadi 400, kiwango ambacho shirika la mazingira la Marekani, EPA, lilikitumia miaka mingi kwa viwanja vya makazi kabla ya kukiteremsha hadi 200 mwezi Januari 2024, unatakiwa utoe kilo 15.6. Kwa gramu 5 kila mavuno, ni mavuno 3,120. Vuna mara tatu kwa mwaka bila kukosa na utamaliza baada ya miaka 1,040.

Sababu si uvivu wa mmea. Risasi haitembei. Inashikwa na udongo wa mfinyanzi, na mboji, na fosfeti, na kutu ya chuma iliyomo ardhini, hadi maji yaliyo kati ya chembe za udongo yanabaki na risasi kidogo mno. Hicho kidogo kinachofika kwenye mzizi kinanasa kwenye kuta za seli za mzizi wenyewe na hakipandi juu. Nikeli na zinki ni habari nyingine, hizo zinatembea. Ndiyo maana swali la kwanza la kumuuliza muuzaji yeyote ni "kwa metali ipi?" Akijibu "zote," umeshapata jibu la kama ununue.

Alizeti

Umaarufu wake umetoka Chernobyl. Mwaka 1994 alizeti ziliwekwa juu ya maboya kwenye dimbwi karibu na mtambo, mizizi ikining'inia majini, na zikanasa sesiamu na strontiamu kweli. Lakini soma tena: majini. Metali iliyoyeyuka kwenye maji inaufuata mzizi yenyewe, wakati iliyogandamana na udongo haibanduki. Wajapani waliirudia kazi hiyo kwenye ardhi baada ya ajali ya Fukushima ya 2011, watu wakapanda alizeti kwa moyo mmoja, na wizara yao ya kilimo ilipopima ikakuta mmea umechukua takriban sehemu moja kati ya 2,000 ya sesiamu iliyokuwemo. Mradi ukaachwa.

Alizeti ina ubaya wa pili ambao hautajwi. Ili iote vizuri inabidi ulime, na kulima udongo wenye risasi kunatimua vumbi. Vumbi ndilo linalompeleka mtoto hospitali, kwa sababu mkono wake unatoka chini unaenda mdomoni. Kisha unavuna, ardhi inabaki uchi mpaka msimu mwingine, na kaskazi au kusi inapita juu yake. Na mbegu je? Nani atawazuia watu kuzikamua mafuta au kuwapa kuku?

Nyota moja kati ya tano, na hiyo moja ni ya maua.

Haradali na unga wake

Hii ni hatari kwa sababu inafanya kazi. Haradali ya kawaida, ile ya mbegu za viungo vya kachumbari, ilijaribiwa sana Marekani miaka ya 1990. Jaribio linalotajwa zaidi ni la Trenton, New Jersey, kwenye kiwanja ambacho zamani kilikuwa kiwanda cha betri. Haradali peke yake ilichukua risasi kidogo tu kama mimea mingine. Wakaongeza EDTA, kemikali inayoikamata risasi, kuibandua kwenye udongo na kuifanya iyeyuke. Majani yakajaa risasi. Ripoti zikapendeza.

Tatizo ni kwamba risasi iliyobanduliwa haina adabu ya kuingia kwenye mzizi tu. Inayobaki, na ndiyo nyingi, inashuka na maji ya mvua. EDTA yenyewe haiozi haraka, inakaa udongoni wiki hadi miezi ikiendelea kubandua wakati haradali imeshavunwa. Sasa fikiria pwani yetu, mwamba wa matumbawe wenye matundu kama sifongo na visima vifupi vya kuchota kwa ndoo. Ukimwaga EDTA kwenye kiwanja chenye risasi mahali kama hapo umechukua sumu iliyokuwa imelala ukaitia kisimani. Kabla ya hapo ilikuwa tatizo la anayekanyaga. Sasa ni tatizo la anayekunywa.

Namna ya kuitambua: ni unga mweupe wa chembechembe, hauna harufu, na maelekezo yatasema umwagilie mmea ukishakomaa, kisha uvune baada ya siku chache majani yakianza kunyauka. Hilo la kunyauka ndilo linaloisaliti. Mbolea ya kawaida haiui mmea ili uuvune. (Maduka ya pembejeo huuza pia mbolea ya chuma au zinki iliyofungwa kwa EDTA, ya kunyunyizia majani. Hiyo ni ya kipimo kidogo na kazi yake ni nyingine, usiichanganye na hii.)

Halafu haradali ni mboga. Majani yake machanga yanapikwa, yanafanana na figiri, na ukiipanda mtaani pasipo ukuta itachumwa. Bonde la Msimbazi Dar es Salaam limetufundisha kwamba mchicha mzuri wa kijani haumwambii mtu umemea wapi.

Sifuri.

Kangaga

Hapa tunafika kwenye bidhaa inayotimiza ahadi, mradi usiipe kazi isiyo yake. Ni kangaga wa aina moja tu, *Pteris vittata*, jani refu lililopangwa vijani kama ngazi, linalopenda chokaa kiasi cha kuota kwenye nyufa za kuta za zamani. Mwaka 2001 watafiti wa Florida walitangaza kwamba kangaga huyu, aliyekutwa kwenye kiwanja kilichokuwa kikitia mbao dawa, anakusanya aseniki kwenye majani hadi miligramu 22,630 kwa kilo. Hiyo ni zaidi ya asilimia 2 ya uzito wa jani kavu. Mimea mingi ingekufa mapema kabla ya kufika hata sehemu ndogo ya hapo.

Dawa ile ya mbao ina shaba, kromiamu na aseniki, na ndiyo inayozipa nguzo za umeme zile rangi ya kijani. Kwa hiyo mteja halisi wa kangaga Afrika Mashariki si aliyepakana na kiwanda cha betri. Ni mwenye uwanja wa kutia dawa nguzo, mahali ambapo nguzo mbichi zilisimamishwa zikidondosha maji. Mwingine ni anayekaa karibu na mabaki ya machimbo ya dhahabu yenye mawe ya aseniki.

Miche hupandwa sentimita 30 kwa 30, kwa hiyo kiwanja chetu cha mita 10 kwa 10 kinakula miche 1,100 hivi. Hapo ndipo bei inapouma, kwani kangaga haoti kwa mbegu. Anaota kwa vumbi la kahawia lililo chini ya jani, pembezoni, na kutoka vumbi hadi mche wa kupandwa ni miezi mingi ya kitalu chenye unyevu na kivuli. Muuzaji anayekupa miche ya wiki sita anakupa kitu kingine, au amechimbua makangaga ukutani. Anataka kivuli cha wastani, maji, na udongo usio na tindikali. Ukipanda kwenye udongo mwekundu wenye pH 5 tia chokaa kwanza, ama sivyo atadumaa. Usimwage mbolea ya fosfeti kwa wingi, kwa sababu mzizi huingiza aseniki kwa mlango uleule wa fosfeti, na mlango ukijaa fosfeti aseniki inabaki nje.

Kuvuna ni kukata majani yaliyokomaa na kuacha machanga yaliyojikunja kama mkia wa kinyonga katikati. Ukikata yote shina linadhoofika. Kata kabla majani hayajakauka yenyewe, maana jani likifia shambani mvua inaisuuza aseniki na kuirudisha ardhini, ukawa umepanda na kuvuna bure. Na usichome moto kamwe. Aseniki hupanda na moshi. Majani yanakaushwa chini ya paa, yanafungwa kwenye magunia ya plastiki mawilimawili, yanapelekwa kwenye dampo la taka hatarishi kwa utaratibu wa mamlaka ya mazingira, NEMC kwa Tanzania au NEMA kwa Kenya. Mkandarasi asiye na jibu la magunia yanakokwenda hana huduma, ana bustani.

Matarajio? Udongo wenye aseniki miligramu 100 kwa kilo, kiwanja kilekile, una kilo 2.6. Ukipata kilo 20 za majani makavu kwa mwaka yenye miligramu 3,000 kwa kilo, unatoa gramu 60. Kufika 50 ni miaka 20 na ushei. Si haraka, ila ni muda wa binadamu, si wa milima. Kama aseniki iko sentimita chache za juu tu, muda unapungua sana.

Risasi haigusi. Nyota nne kwa aseniki, sifuri kwa mengine.

(Kwa nikeli ipo mimea mizuri kuliko hata kangaga. Kule Albania majaribio ya watafiti shambani yameonyesha kwamba ua dogo la manjano la familia ya kabichi linatoa kilo 100 za nikeli kwa hekta kwa mwaka, na majivu yake yanauzika. Lakini huo ni udongo wa aina maalumu, na mmea si wa hali ya hewa yetu.)

Vetiva

Hii ndiyo ya kununua. Na kwa kuwa ndiyo inayouzwa zaidi, ndiyo pia inayochakachuliwa zaidi.

Vetiva ni nyasi ya kichaka, majani membamba yanayosimama wima, mizizi inayozama chini badala ya kutambaa. Kwenye udongo mlegevu mizizi hufika mita 3 hadi 4 mwaka wa kwanza. Kwenye mwamba wa matumbawe haifiki huko, inakuta jiwe na kupinda, na anayekuahidi mita 4 Mombasa au Unguja hajawahi kuchimba choo huko. Paul Truong, aliyeipima vetiva kwa miaka mingi Australia, aliorodhesha viwango inavyostahimili udongoni: risasi zaidi ya miligramu 1,500 kwa kilo, zinki zaidi ya 750, aseniki 100 hadi 250, kadimi 20 hadi 60. Muhimu zaidi ni zinakokaa. Aseniki, kadimi, kromiamu na zebaki zinazoingia kwenye mmea karibu zote hubaki mizizini. Risasi na shaba, sehemu fulani hupanda majani. Zinki hupanda karibu nusu. Kwa hiyo wanaosema majani ya vetiva ni salama kwa mbuzi wamesoma nusu ya jedwali.

Vipando vya kweli utavijuaje? Vunja jani, lisugue vidoleni, nusa. Likinuka ndimu huo ni mchaichai, na mchaichai ndio unaouzwa badala ya vetiva mara nyingi kuliko chochote. Mche ukiwa mchanga, kwa macho haitofautishwi kirahisi. Jani la vetiva halinuki kitu, harufu yake nzuri ya udongo na mbao imo kwenye mzizi. Pili, usinunue mbegu. Vetiva ya kazi hii haizai mbegu hai, na ndiyo sifa yake kubwa, kwa sababu haitavamia shamba la jirani. "Mbegu za vetiva" kwenye mtandao ama ni nyasi nyingine, ama ni ndugu yake wa porini anayezaa mbegu na kugeuka magugu.

Kipando kizuri kina machipukizi mawili au matatu yaliyoshikana, juu kimekatwa kubaki sentimita 20, chini mizizi imekatwa kubaki sentimita 5. Chipukizi moja moja ni rahisi na hufa sana. Angalia kitako: kikiwa cheupe na kigumu ni hai, kikiwa cha kahawia na chepesi kama pamba kimekauka njiani. Mwambie muuzaji achimbue siku ya kusafirisha, achovye mizizi kwenye tope zito la udongo na samadi, afunge kwa gunia bichi. Siku tatu kivulini zinavumilika. Zikizidi unalipia kuni.

Nafasi ni sentimita 10 hadi 15 kati ya kipando na kipando. Ukweli wa bei uko hapa. Ua wa mita 30 kwa sentimita 10 ni vipando 300, na mistari miwili iliyopishana ni 600. Muuzaji atakushauri sentimita 30 ili bei yake ionekane nafuu. Kwa urembo inatosha, kwa risasi haitoshi, kwa sababu maji ya mvua yatapita kwenye mapengo yakibeba tope lilelile ulilotaka kulizuia. Ongeza asilimia 10 ya kujazia vitakavyokufa.

Mstari ufuate usawa wa ardhi, si kamba iliyonyooka. Fundi ujenzi mwenye mpira wa maji atakuchorea kwa nusu siku. Ukipanda mstari unaoshuka hata kidogo maji yatakusanyika kwenye ncha ya chini na kutoboa. Chimba mfereji wa kina cha sentimita 15, na ulowanishe udongo kabla ya kuuchimba ili vumbi lisiruke. Tia mbolea ya samadi iliyooza, simamisha vipando, shindilia kwa kisigino. Nyakati za kupanda ni masika yanapoanza, siyo yanapokwisha. Mvua ikikatika mwagilia kila siku kwa wiki mbili za mwanzo, baadaye mara mbili kwa wiki mpaka miezi mitatu.

Kinachoua vetiva kwa kawaida si sumu, ni kivuli. Chini ya mwembe au ukuta mrefu inaanza kukonda, inaacha kuchipua, na baada ya msimu mmoja unabaki na vishina. Wauzaji hawaulizi habari ya kivuli kwa sababu kipando kinakuwa kimeshalipiwa. Cha pili ni mbuzi, ambao miezi ya kwanza wanang'oa kipando kizima badala ya kukata jani. Cha tatu ni magugu, hasa ukoka unaofunga mstari kabla vetiva haijashikana. Palilia kwa mkono wenye glavu. Mwezi wa tatu au wa nne kata juu kwenye sentimita 30 hadi 40. Ndipo inapojaza machipukizi pembeni na kuwa ukuta.

Kwenye shaba nyingi vetiva inakwama mapema, kipimo cha Truong kwa shaba ni miligramu 50 hadi 100 tu. Watu wa Lubumbashi wana jibu lao. Kule Penga Penga, mtaa uliokuwa ukipokea moshi wa mtambo wa shaba uliowashwa 1911, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walijaribu nyasi fupi ya vilima vya shaba vya Katanga, *Microchloa altera*, pamoja na chokaa na mboji, na ikafunika ardhi iliyokuwa upara. Ni nyasi ya nyumbani isiyouzwa na mtu yeyote. Ukiwa huko, kitalu chako kiko mlimani.

Katanga imetuachia pia funzo la kusoma karatasi za maabara. Ua la shaba, *Haumaniastrum katangense*, liliandikwa kwa miaka mingi kwamba linajaza shaba kwa maelfu ya miligramu. Majani yalipooshwa sawasawa kabla ya kupimwa, sehemu kubwa ya shaba ile ilionekana kuwa vumbi lililokaa juu ya jani. Hesabu yake ni rahisi. Udongo wa miligramu 2,000 za risasi, jani lenye vumbi asilimia moja tu ya uzito wake: tayari miligramu 20 kwa kilo zimeonekana kwenye jani ambalo halijanyonya kitu. Ukiletewa ripoti ya "mmea umechukua risasi," tafuta mstari wa chuma au titani, metali zilizojaa kwenye udongo lakini chache ndani ya jani. Vikiwa juu, umeonyeshwa udongo, si mmea.

Nyota nne na nusu kwa vetiva. Nusu imepotea kwa sababu ya wauzaji wake.

Huduma za kusafisha zinazouzwa kwa mkataba

Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa ilipotoa hukumu ya Owino Uhuru mwaka 2020 haikuishia kwenye fidia ya shilingi bilioni 1.3. Iliagiza udongo na maji visafishwe na taka ziondolewe ndani ya miezi minne, la sivyo zilipwe shilingi milioni 700 za kazi hiyo. Miezi minne. Hakuna mmea duniani unaotoa risasi ardhini kwa miezi minne, na tarakimu hiyo ya milioni 700 inakupa picha ya gharama halisi ya kazi. Kwa hiyo mkandarasi mwenye bei ya miche tu anakuuzia sehemu ndogo ya kazi kwa jina la kazi nzima.

Ujanja mmoja ujulikane. Mtu anapima udongo wa juu kabisa, anapata 1,500. Analima kina cha sentimita 40, anapanda alizeti, anavuna, anapima tena, anapata 600. Ripoti inasema mimea imeondoa asilimia 60. Mimea haikuondoa kitu. Jembe limechanganya udongo mchafu wa juu na msafi wa chini. Sasa una udongo mchafu maradufu kwa wingi, na wa kuuzoa umeongezeka. Dai sampuli za kina mbalimbali, sentimita 0 hadi 5, 5 hadi 20, 20 hadi 40, kabla na baada, jumla ya risasi si ile inayoyeyuka tu. Kila sampuli iwe mchanganyiko wa konzi 10 kutoka sehemu 10, nusu kilo, kwenye mfuko mpya, kwa kijiko cha plastiki. Ndoo ya bati usitumie, ina zinki. Lipia maabara mwenyewe, na peleka sampuli moja mara mbili kwa namba tofauti. Majibu yakipishana sana, badilisha maabara kabla hujabadilisha mmea.

Mpango unaofaa kwa kiwanja cha risasi una tabaka. Palipo na uchafu mkubwa, majivu ya mtambo na vipande vya betri, panazolewa na kupelekwa dampo, hapo mmea hauna nafasi. Panapochezewa na watoto panafunikwa kitambaa kisha sentimita 30 za udongo safi, kwa kiwanja chetu ni mita za ujazo 30, na juu yake nyasi za kawaida. Pembeni na kwenye miteremko ndiko kwa vetiva. Fosfeti husaidia kuifunga risasi iwe jiwe lisiloyeyuka, lakini kwa udongo wa matumbawe wenye pH 8 tumia TSP, mbolea ya fosfeti ya dukani, kwa sababu unga wa mawe ya fosfeti wa Minjingu huyeyuka kwenye udongo wenye tindikali na pwani utakaa tu kama mchanga. Chokaa haihitajiki kabisa hapo. Kama kiwanja kina aseniki pia, fosfeti acha: ileile inayofunga risasi huibandua aseniki.

Majani ya vetiva yakikatwa yaachwe hapohapo, yalazwe upande wa juu wa mstari ndani ya ua. Yanashika tope, yanafunika ardhi, na risasi kidogo iliyomo inarudi ilikotoka badala ya kwenda kwenye zizi la jirani au paa la nyumba.